Yule bwana wa kofia nyekundu

Juzi nipo kwenye gari naenda kazini, redio ya michezo inaunguruma, mtangazaji analalamika kuhusu msimu ulioisha wa mpira wa Kimarekani wa vyuo: viti vya wanafunzi vitupu, watu wanaondoka kota ya tatu kati ya nne, na akaitaja mechi moja ya Septemba kabisa, eti timu inaongoza halafu uwanja unamwagika kama kengele ya shule imegongwa. Sababu? Simu. Vijana hawana subira, wamelelewa na TikTok, hawana mapenzi na chuo chao. Akapiga simu mzee mmoja akasema enzi zao walikaa kwenye theluji mpaka filimbi ya mwisho. Nikazima redio maana nilishaanza kumjibu kwa sauti na dirisha liko wazi.

Kwa sababu mechi ile nilikuwepo. Na niliondoka kota ya tatu. Nina miaka 42 na sina TikTok.

Nilikuwa na baba. Mzee alikuja kutoka Tanga kutuona, safari yake ya kwanza Marekani, mtu wa Coastal Union damu damu, alikuwepo Mkwakwani mwaka ule wa 1988 waliobeba ubingwa na mpaka leo ukimwekea chai tu anaanza kukusimulia. Nikasema nimpeleke akaone mpira wa wenzetu, siyo ule wa NFL, ligi ya kulipwa, wa vyuo, kwa sababu nilishawahi kumwambia huku chuo kinajaza watu laki moja akanijibu "acha uongo, chuo?" Ikabidi nimuonyeshe kwenye simu: Michigan viti 107,601, Ohio State 102,780. Yaani Kwa Mkapa uijaze, watu wote uwahamishie pale Ann Arbor kwa hao Michigan, na bado kuna watu wanatafuta majirani wa kukaa nao. Chuo tulichokwenda sisi sicho hivyo viwili na sikitaji, nina mtoto wa dada anasoma pale na sitaki maneno.

Tiketi nilinunua Julai. Saa ya mechi haijulikani. Hapa asiyefuatilia huu mchezo anaweza kudhani nimekosea kuandika, hapana, unalipia tarehe, saa utaambiwa. Televisheni wana haki ya kusubiri waone nani kashinda wiki hii ndo wapange nani acheze saa sita mchana, nani saa tisa na nusu, nani usiku, na wakati mwingine unaambiwa zikiwa zimebaki siku sita. Sisi tuliambiwa Jumapili kwa mechi ya Jumamosi. Saa sita mchana. Nikambembeleza Mkenya mmoja kazini tubadilishane shifti, akakubali kwa masharti ambayo naendelea kuyalipa. Fikiria sasa mtu anayeendesha gari masaa matano kuja kwenye mechi, ana hoteli, ana watoto, halafu anaambiwa siku sita kabla. Huyo akibaki nyumbani mnasema hana mapenzi?

Bei ya tiketi, pakingi na chupa ya maji sizungumzii leo, nitajipandisha presha bure.

Tukaingia. Mwanzoni nikiri, raha. Bendi ya matarumbeta watu zaidi ya mia mbili wanatembea kama jeshi, mzee kasimama, anapiga makofi, ananiambia hawa watoto wanasoma saa ngapi. Mpira ukaanza, jamaa wakafunga tachidauni, ndo bao lao, mapema, uwanja ukalipuka, mzee hajui sheria hata moja lakini kanikumbatia. Halafu kimya. Wachezaji wamesimama, wengine wamekaa chini. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakapiga mpira wa kuanzia, ukapita juu ya vichwa vya watu wote ukatoka nyuma, hakuna aliyekimbia hata hatua moja. Kimya tena. Wamesimama tena.

"Mwanangu, kuna mtu kaumia?"

"Hapana baba."

"Sasa wanasubiri nini?"

"Matangazo."

Mzee akageuka kushoto, akageuka kulia, akatega sikio. "Matangazo gani? Mimi sisikii tangazo lolote."

Nilikosa jibu. Kwa sababu ndo hivyo, baba, wewe umelipa, umekaa kwenye benchi la chuma jua la Septemba linakuchoma utosi, na unasubiri dakika tatu ili mtu aliyekaa kwenye kochi lake aonyeshwe gari la mizigo na dawa ya kisukari. Hata tangazo lenyewe hupewi. Unapewa kusubiri tu.

Akamuona mwenyewe bila kuonyeshwa. Kuna bwana anavaa kofia nyekundu, kila mchezo ukisimama kwa ajili ya TV anaingia uwanjani, anasimama hatua chache kutoka kwa refa, mikono kifuani, anasikiliza kwenye masikio yake watu wa kwenye gari la TV wanamwambia nini. Akiwa ndani, mpira hauchezwi. Akitoka, mpira unachezwa. Makocha wanaolipwa mamilioni wamesimama wanamwangalia yeye. Mzee akauliza, "yule ndiye mwenye uwanja?" Nikacheka, lakini baadaye nikawaza, kajibu swali ambalo wachambuzi wa redio wanalizunguka miaka kumi sasa.

Kota ya kwanza peke yake yule bwana aliingia mara nne, nilihesabu. Haftaimu ni dakika 20, mzee akaenda chooni akapanga foleni, akatawadha, akatafuta kona nyuma ya ngazi akatandaza koti langu, akaswali adhuhuri na sunna zake bila haraka, akarudi, bado hawajaanza. Kota ya tatu, timu yetu wakapata tachidauni nyingine, na mimi nikajikuta sishangilii, natafuta kofia nyekundu. Akaingia. Mzee akasema twende zetu nyumbani. Tukaenda. Kota ya nne tuliitazama sebuleni, mzee kalala kwenye kochi miguu juu, na matangazo safari hii aliyaona.

Kwa hiyo hoja yangu ndo hiyo moja na wala siifichi: watu hawajaukimbia uwanja kwa sababu TV imekuwa nzuri. TV imekuwa nzuri tangu zamani. Wameukimbia kwa sababu mchezo wenyewe umehamishwa, sasa unachezwa sebuleni, na sisi tuliobaki uwanjani tunaitwa kama watu wa kujaza picha. Ni kama umechangia harusi, umevaa sare, umefika ukumbini, halafu unaambiwa msile kwanza mpiga picha hajabadilisha betri, na akibadilisha, keki inakatwa upya.

Na wakubwa walijua. Hii ndo inaniudhi kuliko zote. Miaka ya hamsini NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, walibana mechi za kuonyeshwa kwenye televisheni, mechi chache tu kwa wiki, wakisema waziwazi kwamba zikionyeshwa ovyo watu wataacha kuja. Vyuo vikubwa vikachoka kubanwa, Oklahoma na Georgia wakaenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi, majaji saba kwa wawili. Mmoja wa wale wawili waliopinga ni Byron White, na huyu hakuwa jaji wa kusoma mpira kwenye makabrasha, aliwahi kuwa nyota wa timu ya Colorado enzi zake. Sisemi NCAA walikuwa malaika, walitaka kushika mfuko wenyewe. Lakini baada ya hapo kila chuo na kila konferensi, yaani ligi zao za vyuo, ikaanza kujiuza, na mnunuzi akanunua siyo picha tu, akanunua na saa, na siku, na mapumziko. Mwaka 2022 Big Ten, moja ya hizo konferensi, walisaini na stesheni za Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka saba, zaidi ya dola bilioni 7. Sasa niambie, mtu aliyelipa bilioni 7 na mimi niliyelipa kiti cha chuma, nani atasikilizwa tukilalamika saa sita mchana ni jua kali?

Ni pesa hizohizo zilizofanya Stanford na California, vyuo viko ubavuni mwa Pasifiki, vicheze konferensi inayoitwa ya pwani ya Atlantiki. Siandiki utani, tangu 2024. UCLA wa Los Angeles wanavuka nchi nzima kwenda kucheza New Jersey na Rutgers mechi ya ligi. Texas na Texas A&M, watani wa jadi wa kweli, walikaa bila kukutana kuanzia 2011 mpaka 2024 kwa sababu ya haya mahamahama. Hebu mtu aje aseme Simba na Yanga wasikutane miaka kumi na tatu kwa sababu mmoja kapata mkataba mnono kwingine, uone kama atafika Kariakoo salama.

Halafu simu. Sawa, vijana wanashika simu, nimekubali, na mimi ninayo mkononi nikiwa pale, ungefanyaje mtu kasimamishwa dakika tatu mara kumi na kitu? Lakini angalia tiba waliyoipata. Alabama, timu iliyokuwa inashinda kila kitu, kocha wao Nick Saban mwaka 2018 aliwasema wanafunzi hadharani kwa kuondoka mapema. Mwaka uliofuata chuo kikaleta programu ya simu, inafuatilia mwanafunzi yuko wapi: ukija mechi pointi 100, ukikaa mpaka kota ya nne unaongezewa 250, na pointi zinakusaidia kupata tiketi za mechi kubwa. Kwa hiyo simu inayowaharibu ndo imekuwa mlinzi wa kuwazuia wasitoke. Na kila mtu aliyewahi kusoma bweni anajua simu kumi zinaweza kubaki uwanjani na mtu mmoja.

Michigan nao mwaka 2014, kipindi mkurugenzi wa michezo ni bwana aliyewahi kuongoza Domino's Pizza, tiketi za wanafunzi zilikuwa zimepandishwa mpaka karibu dola 300 kwa msimu, wanafunzi wakasusa, na kukawa na ofa ya ukinunua Coke mbili unapata tiketi mbili. Kisa wana rekodi ya kuzidi watu laki moja kila mechi ya nyumbani tangu 1975. Rekodi inakunywa soda.

Na usiamini zile namba wanazotangaza kwenye spika. Gazeti la Wall Street Journal mwaka 2018 waliomba takwimu za tiketi zilizoskaniwa getini, wakakuta msimu wa 2017 waliopita getini kweli ni kama asilimia 71 ya idadi iliyotangazwa. Hata hizo za kutangazwa zenyewe zilishashuka, mwaka 2008 wastani wa mechi za daraja la juu ulizidi 46,000, mwaka 2018 haufiki 42,000.

Haya, niwe muungwana kidogo ingawa sijisikii. Baada ya korona watu wamerudi rudi, namba zimepanda. Nebraska wanajaza uwanja kila mechi tangu 1962, wamefungwa miaka na miaka na bado wanakuja, hao siwaelewi na nawavulia kofia. Na mwaka 2023 walibadilisha sheria, saa haisimami tena kila timu ikipata dauni ya kwanza, yaani ikisogea yadi kumi, isipokuwa dakika mbili za mwisho wa kila kipindi, ili eti mechi ziwe fupi. Fupi kweli, kidogo. Kilichopunguzwa ni mpira. Matangazo hakuna aliyeyagusa.

Lakini kama unataka kuona tunakoelekea, nenda mechi za konferensi ya MAC mwezi wa kumi na moja. Vyuo vidogo vya Ohio, Michigan na jirani zake, wamekubali kucheza Jumanne na Jumatano usiku, baridi kali, wiki ya masomo, kwa sababu siku hizo ESPN, chaneli ya michezo, hawana kitu kingine cha kuonyesha. Nilimpeleka mzee moja ya Jumatano, zimebaki siku chache arudi Tanga, yeye mwenyewe ndo aliomba, eti anataka kuona kama na hawa wanaye. Tiketi bei ya sahani ya chipsi kuku. Hakuna aliyetuuliza namba ya kiti. Mzee kajifunga mablanketi mawili na kofia ya mjukuu wake yenye masikio ya dubu, tumekaa mstari wa nne, unamsikia kocha anavyotukana, unasikia helmeti zikigongana, na nikwambie ukweli tulifurahi kuliko ile ya Septemba.

Kota ya nne tulibaki watu ambao ningeweza kuwasalimia mmoja mmoja kwa mkono. Bendi imeshaondoka. Timu ya nyumbani ikafunga, tukapiga kelele, mwangwi ukaturudia wenyewe. Mzee akanigusa bega, akanyoosha kidole. Jamaa anaingia, kofia nyekundu juu ya kofia ya sufu, anasimama pembeni ya refa, mikono kifuani, na sisi tukakaa.