Kidole cha Shangazi

Kibao chenyewe cha saketi ni kidogo, hata kisosi kinakizidi. Kipande cha faiba cha unene wa milimita 1.6, upande mmoja kimebandikwa shaba nyembamba ya maikroni 35. Nilikinunua Kariakoo nikakibeba mpaka Tanga ndani ya daftari, kana kwamba ni cheti cha ndoa. Nilitaka kutengeneza amplifaya ya TDA2030, ile IC (saketi nzima ndani ya kipande kimoja) ya miguu mitano ambayo mafundi redio wengi tumejifunzia. Ramani ya njia zake za umeme nilikwisha kuichapa kwa printa ya leza kwenye karatasi ya jarida, ile inayong'aa.

Kusimulia ni rahisi. Unalaza karatasi juu ya shaba, upande wa tona, yaani wino wa unga wa printa, chini, unapiga pasi ya moto isiyo na mvuke, tona inayeyuka na kung'ang'ania shaba. Unaloweka majini, unafikicha karatasi mpaka itoke yote, zinabaki njia nyeusi. Ukikitumbukiza kibao kwenye feriki kloraidi, dawa inayokula shaba, shaba iliyo wazi inaliwa na iliyofunikwa inapona. Ila tona haina urafiki na mafuta, na mimi naishi kwa shangazi yangu, Ngamiani, mpika maandazi.

Nikisema mpika maandazi uelewe. Vidole vyake vimezoeana na karai miaka mingi, hata kule kusajili laini kwa alama za vidole, mwaka 2019, mashine ilimkataa mara tano. Kila mara kijana wa pale anamwambia, “Mama, nenda kanawe mikono.” Alirudi nyumbani kanuna, na jambo hilo hatukulitaja tena mbele yake.

Basi, mara ya kwanza nilichukua stilwaya ya jikoni. Sikujiuliza ilikuwa inasugulia nini. Nikasugua kibao mpaka bega likauma, kumbe nakipaka mafuta ya maandazi ya wiki nzima. Nikapiga pasi, nikaloweka, nikavuta karatasi taratibu. Ikatoka na njia zote, salama salimini, shaba ikabaki uchi.

Nikatafuta msasa laini wa maji, namba 600. Nilipomaliza msasa nikaongeza ndimu na chumvi, na hapo ndipo nilipojiponza, maana ndimu zilikuwa za shangazi. Akaja kuziulizia, akakuta kibao kimewaka rangi ya kamba wa kuchemsha.

“We mtoto! Kumbe unajua kusafisha shaba, na umenyamaza miaka yote hii?”

Sijajibu, dele la kahawa limeshatua mbele yangu. Likafuata sinia alilotunzwa siku ya harusi yake, na mrashi wa marehemu bibi. Jirani wa mlango wa pili akasikia, naye akaleta kinu. Kinu! Nilisugua mpaka alasiri, ndimu kumi na nne zikaisha, vidole vikawasha kila penye mkwaruzo. Kibao changu nilikuwa nimekianika dirishani kikauke.

Niliporudi kukichukua, kilikuwa kinametameta kuliko nilivyokiacha. Nikasema ni jua. Nikalaza karatasi, nikakandamiza pasi. Haikupita dakika chumba kikanukia wali wa nazi. Nikawaza, jirani leo kajipikia vizuri. Jirani naye akapaza sauti dirishani, “Mwenzetu, leo mnapika nini?” Nikainama kutazama pasi, inafuka moshi.

“Nilikupakia mafuta ya nazi,” shangazi akasema, amejaa fahari. “Shaba ikishang'arishwa hupakwa mafuta isirudi kuwa nyeusi. Bibi yako ndivyo alivyotufundisha.”

Na ni kweli. Kwa dele.

Mara ya tatu nikaomba kwa binamu dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikijua ndani mna asitoni. Ilikuwa ya pinki, yenye manukato. Nikafuta kibao vizuri, nikamwagia maji kukijaribu, maji yakajikunja matone matone kama juu ya jani la gimbi. Kusoma chupa: “hulainisha kucha”. Maana yake wameitia mafuta! Nikaanza upya na stilwaya mpya ya dukani na sabuni ya unga, nimekishika kibao kwenye kingo tu kama mtu anayeshika picha mbichi. Safari hii maji yakatandaa kama shuka, bila tone hata moja. Nilibana pumzi nisije nikakichafua kwa mdomo.

Pasi. Maji. Karatasi ikatoka, njia zote zikabaki. Nikakiweka mezani nikatoka kutafuta bakuli la plastiki, kwa sababu feriki kloraidi inakula alumini, na mimi bado nataka kulala kwenye nyumba ile, kwa hiyo sufuria za shangazi sikuzigusa. Sikukawia hata dakika mbili.

Kumbe katika dakika mbili hizo ametoka kwenye karai, amekiokota, ametazama, amekirudisha. “Nilikuwa naangalia tu,” ndivyo alivyojitetea baadaye. Mimi sikuona kitu. Nikakitumbukiza, nikalitikisatikisa bakuli, shaba ikaondoka, nikatoboa matundu, nikalehemu, nikaunga spika.

Spika ikaguna mara moja, kama mzee aliyeamshwa kuambiwa umeme umekatika, kisha kimya. IC ikapata moto haishikiki. Bahati TDA2030 ina kinga yake ya shoti na ya joto kupita kiasi, la sivyo ningeizika siku hiyo hiyo. Nikakaa na mita saa mbili natafuta shoti. Mwishoni nikaazima lenzi ya fundi saa.

Kati ya njia ya spika na njia ya ethi, pale ambapo hapakutakiwa kuwa na shaba, palikuwa na dole gumba. Mistari yote imekaa, mmoja ndani ya mwingine, mpaka kovu dogo alilounguzwa na karai. Mafuta ya maandazi yaliikinga shaba isiliwe, na mistari hiyo ndiyo iliyounganisha njia zangu mbili.

Nikamwita nimwonyeshe hasara. Akashika lenzi, akakigeuza kibao kwenye mwanga, akalinganisha na dole lake. Akanyamaza muda.

“Hiki ni changu?”

“Chako, shangazi.” Nikachukua wembe nikikwangue, kazi yenyewe ya dakika moja.

“Thubutu!” Akakipokonya, IC na nyaya zote zinaning'inia, akakifunga kwenye pindo la kanga. “Kila mashine inaniambia nikanawe. Hiki kimenisoma na mafuta yangu.”