Nguvu ya injini haizuii maji kuingia
Kuna mwandishi anayedai boti ndogo ya kuwindia bata itavuka maji ya wazi yenye mawimbi mradi injini iwe na nguvu. Sikubali hata kidogo. Boti hizi ni bapa, kingo zake fupi, zimeundwa kwa ajili ya vinamasi. Ukishapakia bata bandia wa kuwavutia bata halisi, mbwa na watu wawili, ukingo unabaki kiganja tu juu ya maji. Tena hatari mara nyingi hutokea tezi, yaani nyuma ya boti: ukipunguza mwendo ghafla, wimbi la boti yako mwenyewe linapanda penye injini, maji yanakimbilia upande mmoja, boti inapinduka. Na jaketi la kuokoa maisha livaliwe kabla ya kung'oa nanga, jamani, lisikaliwe! Maji ya baridi hukata pumzi papo hapo. Upepo ukibadilika mkiwa ng'ambo, nyinyi husubiri au huvuka?