Nani Aonekane Katika Bendera ya Muungano?

Uingereza ni muungano wa mataifa manne, England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, lakini bendera yake ina misalaba mitatu tu. Mwaka 1606, baada ya mfalme mmoja kurithi viti vya enzi vya England na Scotland, msalaba mwekundu wa Mtakatifu George uliunganishwa na ule mweupe wa Mtakatifu Andrea, na mwaka 1801, Ireland ilipoingizwa katika ufalme huo, ukaongezwa msalaba mwekundu wa Mtakatifu Patrick. Wales haimo. Sheria za mwaka 1535 na 1542 zilikuwa zimekwisha kuifanya sehemu ya England, hivyo bendera ilipochorwa haikuhesabiwa kuwa mshirika. Mwaka 2007 mbunge mmoja kutoka Wales alipendekeza bungeni London kwamba joka jekundu la nchi yake liingizwe katika bendera hiyo, na bado wapo wanaomuunga mkono.

Hoja yao si nyepesi. Sehemu kubwa ya Ireland ilijitoa mwaka 1922, lakini msalaba wake umebaki palepale, maana yake bendera inamkumbuka aliyeondoka na kumsahau aliyebaki. Wanaopinga nao wana lao: bendera ni kumbukumbu ya namna muungano ulivyojengwa, na kuigeuza kila kizazi kinapolalamika ni kuifuta kumbukumbu hiyo. Huongeza kwamba Wales ina bendera yake rasmi tangu mwaka 1959, na hakuna anayeizuia kupepea.

Sisi tunaoishi Dodoma, jiji ambalo wabunge wa Bara na wa Zanzibar hukutana katika Bunge moja, tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini, kwa kuwa muungano wetu ulilijibu swali hilohilo kwa njia tofauti. Tanganyika iliingia ikiwa na bendera ya kijani, nyeusi na njano. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ikiwa na ya bluu, nyeusi na kijani. Bendera iliyotumika kuanzia tarehe 30 Juni 1964 haikuchukua alama ya upande mmoja na kuibandika juu ya alama ya upande wa pili. Kijani na nyeusi zilikuwa tayari za pande zote mbili. Njano ikatoka Tanganyika, bluu ikatoka Zanzibar. Pembetatu ya kijani na ile ya bluu zinalingana, usawa ambao visiwa visingeupata kamwe kama kipimo kingekuwa ukubwa wa ardhi. Ninaamini kazi ile ilifanywa kwa heshima.

Hata hivyo, hatuwafundishi watoto hivyo. Mwanafunzi wa Chamwino au Kondoa anayesimama mstarini asubuhi bendera ikipandishwa hufundishwa kwamba kijani ni ardhi na mimea, nyeusi ni watu, njano ni madini, na bluu ni maji ya bahari, maziwa na mito. Maana hizo zina faida kubwa: bluu inakuwa mali ya Mgogo ambaye hajawahi kuiona bahari, na hakuna rangi inayobaki ya wageni. Lakini zina gharama yake pia, kwa sababu nchi mbili zilizokubaliana zimefichwa nyuma ya maumbile, na kijana anaweza kumaliza shule bila kujua kwamba bendera anayoiheshimu ni matokeo ya makubaliano.

Hapa ndipo ulinganisho na Wales unaponigusa zaidi. Wales ina bendera yake, ila haimo katika bendera ya muungano. Tanganyika imo katika bendera ya Muungano, ila haina tena yake. Zanzibar, ambayo rangi zake zimo tangu mwanzo, haikuridhika na hilo peke yake, na mwaka 2005 ikarejesha bendera yake ya bluu, nyeusi na kijani, yenye bendera ya Muungano katika pembe ya juu. Wako wanaoliona hilo kuwa ufa. Mimi naona ni ushahidi kwamba kuonekana katika bendera ya pamoja hakumalizi haja ya kutambuliwa, na kwamba nchi inaweza kuuheshimu Muungano kwa kuuweka ndani ya alama yake yenyewe.

Tahadhari kubwa zaidi inatoka Afrika Kusini. Bendera yake ya mwaka 1928 iliweka katikati vibendera vitatu, cha Uingereza na vya Orange Free State na Transvaal, zilizokuwa jamhuri za Makaburu, ili makundi ya wazungu yaliyokuwa yamepigana yasinung'unike. Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote, hawakuwa na hata uzi mmoja pale. Kwa hiyo bendera inaweza kuorodhesha washirika kwa uangalifu na bado ikawaacha nje wenye nchi.

Ndiyo maana sikubali kwamba bendera ndiyo kipimo cha usawa. Kipimo kilicho na nguvu kiko katika Ibara ya 98 ya Katiba, inayotaka baadhi ya mambo ya msingi ya Muungano yasibadilishwe mpaka theluthi mbili ya wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar waunge mkono, kila upande ukihesabiwa peke yake. Utaratibu wa namna hiyo ulitumika pia katika Bunge Maalumu la Katiba lililokaa hapa Dodoma mwaka 2014, ingawa lilipitisha muundo wa serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, badala ya tatu, pamoja na ya Tanganyika, zilizopendekezwa na Tume ya Jaji Warioba iliyoandaa rasimu ya Katiba mpya, na wajumbe wa upinzani wakiwa wamekwisha kutoka.

Mchakato huo wa Katiba mpya ukifufuliwa, wataibuka wanaodai bendera ya Tanganyika irudi, na dai lao linastahili kusikilizwa bila kuitwa uhaini. Lakini lisitangulie. Kwanza iamuliwe kama Tanganyika itakuwa na serikali yake, kwa kura zinazohesabiwa kwa pande mbili. Jibu likiwa ndiyo, bendera yake itakuwa na mahali pa kupepea, na ile ya Muungano haitahitaji kubadilishwa hata rangi moja.