Gari Langu, Kadi ya Marehemu

Gari nililinunua mwezi wa tatu mwaka jana: Toyota Raum ya rangi ya fedha, shilingi 8,200,000, nimelipa taslimu. Kadi ya usajili yenye jina langu nimeishika wiki iliyopita. Muda wote wa katikati niliendesha gari la mtu aliyekwisha kuzikwa.

Siku ya kununua, dalali alinionyesha kadi orijino, tukainama pamoja kulinganisha namba ya chasisi, ikafanana. Jina kwenye kadi halikuwa la muuzaji. Nilipouliza, akanijibu bila hata kugeuka: "Dada yangu, hayo ya kawaida. Nusu ya magari ya Dar yako hivyo. Mikataba yote hii hapa, ukitaka kubadilisha jina unakwenda TRA, siku moja umemaliza." Akanikabidhi bahasha yenye mikataba mitatu. Mwenye kadi alimuuzia fundi mmoja wa Tabata mwaka 2019, fundi akamuuzia mwalimu wa Mbagala, mwalimu akaliuza kwa huyu niliyenunua kwake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehamisha umiliki. Mimi nikawa wa nne kwenye foleni hiyo, na aibu yangu ni kwamba nilikusudia kuwa kama wao. Niliona gari linawaka, nimelikatia bima, trafiki akinisimamisha namwonyesha leseni na bima ananiruhusu. Haraka ya nini?

Haraka ilikuja pale Ubungo, lori liliponiparamia kwa nyuma. Nilikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata uharibifu wa gari lako mwenyewe, nikajaza fomu za madai. Swali la kwanza la yule binti wa bima lilikuwa: "Huyu mwenye kadi ni nani kwako?" Sikuwa na jibu. Madai yangu yakawekwa pembeni mpaka nilete kadi yenye jina langu.

Ofisa wa TRA, mamlaka ya mapato inayosajili magari, alinisikiliza vizuri, nasema hivyo kwa haki. Akaipitia mikataba yangu yote na kuniambia kwamba karatasi inayohamisha gari lazima isainiwe na mwenye jina kwenye kadi, mbele ya wakili, na pande zote mbili ziwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na vitambulisho. Mwenye jina yuko wapi? Nikampigia fundi wa Tabata, ambaye namba yake ilikuwa kwenye mkataba wa kwanza. Akasema yule mzee alifariki mwaka 2021. Ofisa aliposikia hivyo akafunga faili taratibu. Marehemu hasaini, akasema, anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Nje kwenye fremu za kuchapa barua nilipata suluhisho la shilingi 80,000. Kijana mmoja aliniambia anaandaa mkataba mpya wenye tarehe ya nyuma, saini ya marehemu "tunaigiza kwenye ile ya zamani", na wakili wa kugonga muhuri anamfahamu. Nakiri nilisimama pale nikifikiri. Kilichonirudisha nyuma ni kitu kimoja: karatasi hiyo ingekuwa na jina langu na saini yangu halisi, na saini ya mtu ambaye cheti chake cha kifo kipo. Siku yoyote mrithi mmoja akiamka na kusema gari la baba limeuzwaje wakati baba yuko kaburini, mwenye kesi ya kughushi ni mimi. Yule kijana wa fremu sitamwona.

Basi nikaenda Morogoro. Anwani kwenye kadi ilikuwa ya sanduku la posta tu, lakini fundi alikumbuka Kihonda, na ofisi ya serikali ya mtaa ikanisaidia kumpata mjane. Nilimwamkia, nikakaribishwa maji, nikaeleza. Mama alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza, "Mwanangu, hilo gari bado lipo? Mimi nilidhani limeshanimaliza."

Akanisimulia. Mwaka mmoja baada ya msiba, askari walifika nyumbani wakimtafuta mume wake. Gari lilikuwa limemgonga mwendesha bodaboda Dar na kukimbia, mtu aliyeona akashika namba. Askari wakafuata namba ikawaleta kwa mwenye kadi, wakamkuta mjane na picha ya marehemu ukutani. Ilibidi atoe cheti cha kifo, aende kituoni, aeleze kwamba gari liliuzwa zamani na hajui liko kwa nani. Mume wake aliuza kihalali, akapokea fedha yake, akaandikiana mkataba. Alichoacha ni kwenda kubadilisha jina, kwa sababu mnunuzi alimwambia "nitabadilisha mwenyewe, mzee wangu". Neno hilo likamfuata mke wake mpaka kituo cha polisi.

Ndiyo maana nasema wauzaji wanajidanganya kuliko hata sisi wanunuzi. Mtu akishahesabu noti anaona ameachana na gari. Hajaachana nalo. Faini za barabarani zinaandikwa kwa namba ya gari, ushuru wa maegesho vilevile, na likitokea la kutokea, jina linalosomeka kwenye mfumo ni lake. Ukiuza gari leo na kadi ikabaki na jina lako, umempa mtu usiyemjua ruhusa ya kukutia hatiani popote kati ya Tunduma na Namanga.

Mirathi ilikuwa haijafunguliwa. Familia ilikuwa na nyumba moja, hakuna ugomvi, hawakuona sababu. Sasa mimi mgeni nilikuwa nawaomba wafungue mirathi kwa ajili ya gari ambalo hata si lao tena. Mtoto mkubwa alinishuku, na nisingemlaumu. Angejuaje kwamba sikuja kutafuta mlango wa kudai kitu kingine? Nilimwachia nakala za mikataba yote aende nazo kwa mtu anayemwamini. Baada ya wiki tatu alinipigia mwenyewe. Kikao cha familia kikakaa, muhtasari ukaandikwa, cheti cha kifo kikaambatanishwa, maombi yakapelekwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, na baada ya kusubiri mama akateuliwa, akapewa ile Fomu Namba 4 ambayo kila aliyepitia mirathi anaijua. Hapo ndipo akaweza kusaini nami mbele ya wakili kama msimamizi. Gharama zote zilikuwa zangu. Nilikwenda Morogoro mara sita.

Na huko TRA kwenyewe nililipa nini? Ada ya kuhamisha umiliki 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1, ambao kwa bei yangu ni 82,000. Jumla 142,000. Nimeandika hesabu hii makusudi kwa sababu kila ninayemsimulia anadhani watu wanakwepa kwa ajili ya gharama. Wapo, hasa wale wanaonunua ili wauze tena mwezi ujao, kwao kila uhamisho unakula faida. Lakini kwa mtu wa kawaida anayenunua gari la milioni nane, laki moja na nusu haiwezi kuwa sababu. Kinachotugharimu ni kuwatafuta watu. Siku ya mauziano wote mko pale, muuzaji ana shida ya fedha na simu yake inapokelewa. Kesho yake ana shughuli zake. Mwaka wa tatu amehama mji, wa nne amefariki.

Kwa hiyo msimamo wangu, ambao nimeanza kuwaudhi nao ndugu zangu, ni huu: usimalize kulipa kabla jina halijahamishwa. Zuieni hata milioni moja, iandikwe kwenye mkataba kwamba italipwa siku maombi yanapokamilika TRA. Muuzaji akikataa hilo, mwache na gari lake. Na mwenye kadi asipokuwepo mbele yako, usimkubalie mtu anayejiita mwakilishi wake mpaka uone hati ya mahakama au ya uwakilishi yenye maana. Kadi ikiwa nakala ya pili, uliza ya kwanza ilipotelea wapi, maana zipo kadi zilizowekwa rehani kwa wakopeshaji kisha mwenye gari akaripoti polisi kwamba zimepotea. Namba ya injini nayo ilinganishe na kadi kama ulivyolinganisha chasisi. Injini za kubadilisha ni nyingi mjini na wengi hawarudi kurekebisha kadi. Deni la faini na hali ya bima unaangalia kwa namba ya gari kabla hujatoa shilingi.

Serikali nayo ina sehemu yake. Wenzetu wa Kenya, muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho akiwa kwenye akaunti yake ya NTSA, mamlaka yao ya usafiri na usalama barabarani, mnunuzi anaukubali kwenye yake. Sisi tuna namba za NIDA za vitambulisho vya taifa, tuna TIN, tunalipia kila kitu kwa simu. Ningependa muuzaji aweze siku ileile kutoa taarifa kwamba gari fulani nimemuuzia fulani mwenye TIN fulani, na tangu saa hiyo faini na kesi zisimfuate tena yeye wala mjane wake, hata kama mnunuzi bado anajivuta. Mnunuzi naye apewe siku za kukamilisha, zikipita gari lisikatiwe bima. Watu wangeanza kwenda wenyewe bila kusukumwa.

Madai yangu ya lori bado yako kwa watu wa bima, sasa yana kadi. Jumapili nilikwenda Kihonda mara ya saba, bila karatasi yoyote. Mama aliomba kulitazama gari. Alilizunguka, akasimama kwenye kioo cha nyuma ambako kuna stika ya zamani imechakaa, imeandikwa "Asante Mungu", na kumbe aliibandika mume wake. Akaipitisha kidole, akaniuliza kama nina mpango wa kuibandua. Nikamwambia hapana, mama. Akafungua mlango wa mbele, akakaa, tukaenda kanisani.