Kamati Isiyovunjwa: Kujitolea Katika Jumuiya za Madevelopa

Agosti 2025 Arusha ilikuwa mwenyeji wa DjangoCon Africa, mkutano wa bara zima wa watu wanaotumia Django, zana ya kutengenezea mifumo ya wavuti kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Mkutano wa kwanza ulifanyika Zanzibar, Novemba 2023. Kwamba Tanzania imeupokea mara mbili ni heshima kubwa, na heshima hiyo imejengwa na watu wa kujitolea. Ni watu wenye ajira zao, au wanaozitafuta, wanaotumia jioni na wikiendi kusaka ukumbi, kupitia mada zilizoombwa, kuwajibu wadhamini na kuhakikisha mgeni anajua atalala wapi.

Ukiwauliza madevelopa, yaani watengeneza programu, wa Dar es Salaam au Nairobi wanaionaje kazi hiyo isiyo na malipo, utapata majibu mawili yanayogombana. Wapo wanaosema ndiyo iliyowafikisha walipo. Wapo wanaosema ni unyonyaji uliovishwa fulana nzuri. Nimeshiriki jumuiya hizi kwa muda wa kutosha kuona kwamba kila upande una hoja nzito. Naona pia kwamba pande zote mbili zinalipita jambo linaloamua nani atabaki na nani atapotea.

Nianze na wanaotetea. Januari 2008, Kenya ikiwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, kikundi kidogo cha wanablogu na madevelopa kilitengeneza ndani ya siku chache tovuti ya Ushahidi, ambapo mwananchi aliweza kuripoti vurugu na taarifa yake ikaonekana kwenye ramani. Hapakuwa na zabuni wala mkataba. Wangesubiri bajeti, tovuti ingekuja watu wakiwa wameshazika. Programu ileile ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Mwaka huohuo iHub, kituo cha kukutania watu wa teknolojia, ilifunguliwa Nairobi, na wanawake wachache wa fani wakaanzisha AkiraChix ili kuwafundisha wasichana teknolojia. Mmoja wa waanzilishi hao, Angela Oduor Lungati, baadaye alikuja kuwa mkurugenzi mtendaji wa Ushahidi.

Dar es Salaam nayo ina mfano wake. Mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mitaani, wakishirikiana na wakazi, kuchora mitaro, njia na nyumba za kata zinazofurika kila mvua kubwa ikinyesha. Ramani ziliwekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, wazi kwa yeyote. Mwanafunzi aliyefanya kazi hiyo alitoka na ujuzi ambao maabara ya chuo haikuweza kumpa.

Hoja hii mimi naikubali kwa moyo wote. Chuo kinafundisha nadharia ya programu. Kuusoma msimbo, yaani maandishi ya programu, ulioandikwa na mtu usiyemjua, kupokea marekebisho bila kununa, kusimama mbele ya watu ukaeleza kitu hadi kikaeleweka, hivyo hupatikana pale unapofanya kazi na wenzako. Na katika miji ambamo nafasi nyingi za kazi hujulikana kwa mdomo kabla ya kutangazwa, mwajiri aliyekuona ukiendesha darasa la Jumamosi kwa utulivu haulizi cheti kwanza.

Kuna sababu nyingine ambayo ni ya kwetu hasa. Tumezoea semina za miradi: mtu anasaini karatasi ya mahudhurio, anapokea posho na nauli, na mradi ukiisha semina nazo zinakwisha. Anayekuja Jumamosi kujifunza Python bila posho amekuja kwa sababu anaitaka Python. Viongozi wengi wa jumuiya wanaogopa, na wana haki ya kuogopa, kwamba ukimlipa mtoa mada mmoja wengine watauliza bahasha yao iko wapi, na mfadhili akiondoka viti vitabaki vitupu. Hata mfadhili aliye ndugu wa fani huishiwa. Agosti 2025, mwezi uleule wa mkutano wa Arusha, Python Software Foundation, taasisi ya Marekani inayoisimamia lugha ya Python na ambayo imesaidia mikutano midogo duniani kote, ilisitisha kutoa ruzuku kwa sababu fungu la mwaka lilikuwa limefika kikomo.

Sasa upande wa pili.

Kazi ya bure ina gharama, na gharama hiyo haiwaelemei watu sawasawa. Kijana anayeishi Mbagala atalipa nauli ya kwenda na kurudi Kijitonyama, atanunua bando, na atapoteza Jumamosi ambayo angeitumia kumtengenezea mwenye duka tovuti na kupata hela ya kula. Mwenzake anayeishi kwa wazazi Mikocheni, mwenye laptopu nzuri na intaneti ya nyumbani, halipi chochote kati ya hivyo. Baada ya miaka miwili huyu wa pili ndiye anayeitwa kiongozi wa jumuiya, ndiye anayealikwa nje, na tunasema alijituma zaidi. Msichana naye anapiga hesabu nyingine: mkutano ukimalizika saa mbili usiku, atarudi na usafiri gani? Mikutano yetu mingi hupangwa jioni bila mtu kuliuliza swali hilo, kisha tunashangaa kwa nini safu za mbele zimejaa wavulana.

Halafu kuna kampuni kubwa za teknolojia kutoka nje. Nyingi zina mipango ya kuwatambua viongozi wa jumuiya, kuwapa mafunzo, stika, fulana, na wakati mwingine tiketi ya mkutano. Kijana hunufaika, hilo ni kweli, na simlaumu anayeipokea nafasi hiyo kwa mikono miwili. Lakini kampuni hupata madarasa mazima ya vijana wanaojifunza zana yake na si ya mshindani wake. Hiyo ni kazi ya masoko, na kazi ya masoko ina bei inayojulikana. Kampuni inayotaka darasa lifanyike kwa jina lake ilipie ukumbi, chakula, nauli na saa za mwalimu. Jumuiya isione haya kutaja bei hiyo.

Hoja kali kuliko zote za upande huu haikutoka Afrika Mashariki. Programu iitwayo xz, ya kubana mafaili, imo katika mifumo mingi sana ya Linux, mfumo unaoendesha sehemu kubwa ya seva, yaani kompyuta zinazohudumia mtandao. Kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, bila mshahara. Mwaka 2022, watu wakimbana kwa kuchelewesha matoleo, aliandika hadharani kwamba matatizo ya afya ya akili yamempunguzia uwezo, na akawakumbusha kuwa huo ni mradi usiolipwa. Kulikuwa na mtu mwenye jina la Jia Tan aliyekuwa akisaidia. Mtu huyo alijenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, akakabidhiwa mamlaka, kisha akapenyeza mlango wa siri, wa kumwezesha kuingia kwenye kompyuta za watu bila ruhusa, katika matoleo ya mwanzo wa 2024. Mwishoni mwa Machi, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliugundua baada ya kuona kwamba kuingia kwenye seva kunachelewa takribani nusu sekunde. Sehemu kubwa ya seva za dunia iliponea hapo.

Kwetu hatari hiyo inakuja bila adui yeyote. Mtu mmoja ana nywila ya akaunti za jumuiya, yeye ndiye aliyelipia jina la tovuti, namba za wadhamini zimo kwenye simu yake, na michango inaingia kwenye laini yake binafsi kwa sababu jumuiya haijasajiliwa na haina akaunti ya benki. Siku anapopata kazi Kigali au Berlin, kila kitu kinasimama. Kundi la WhatsApp linabaki na matangazo ya ajira. Na kama hela zilipita kwenye simu yake, akiondoka bila kusoma hesabu atasemwa vibaya hata kama hakula senti.

Wanaotetea kujitolea husema watu kama huyo wamepungukiwa moyo. Wanaopinga husema wamepungukiwa malipo. Nilichokiona mimi ni kwamba wengi walioondoka walikuwa na moyo, na baadhi yao tayari walikuwa na kipato kizuri. Walichokosa ni njia ya kupunguza mzigo bila kuonekana wamewatupa wenzao. Ukishajulikana kuwa wewe ndiye mwenye kuandaa, unabeba vyote au huonekani kabisa. Mtoto anazaliwa, au unapata mteja wa Marekani ambaye asubuhi yake ni jioni yako, unakosa mkutano wa mwezi huu na wa mwezi unaofuata, na wa tatu unaona aibu kutokea. Hivyo ndivyo jumuiya inavyowapoteza watu wenye uzoefu wa miaka 8 au 10, wale hasa inaowahitaji. Wanaobaki ni wanaoanza, wakifundishwa na walioanza juzi, na kila mwaka somo ni lilelile la utangulizi wa Python. Anayetaka kujua namna ya kuendesha mfumo wenye watumiaji wengi hapati mwalimu, kwa sababu mwalimu huyo yuko nyumbani, mtaa wa pili, na hakuna aliyemwambia kwamba saa moja kwa mwezi inatosha.

Tunajua kulifanya hili vizuri mahali pengine. Kamati ya harusi ina mwenyekiti, mweka hazina, daftari la ahadi, na tarehe isiyosogezwa. Baada ya harusi kamati huvunjwa: hesabu zinasomwa, watu wanakula, wanashukuriwa kwa majina, kila mmoja anarudi kwake akiwa huru. Ndiyo maana mtu aliyechoshwa na kamati ya Juni anakubali kuingia nyingine Desemba. Jumuiya nyingi za madevelopa hazijawahi kuvunja kamati. Waliokutana mara ya kwanza na kuanzisha kundi ndio hao hao hadi watakapochoka mmoja mmoja, kimyakimya.

Django yenyewe ilipita hapo. Kwa miaka ilikuwa na kikundi cha madevelopa wakuu ambacho wengi waliokuwemo hawakuwa wakifanya kazi tena, huku wapya wakiona mlango ni mgumu kuufungua. Mwaka 2020 kikundi hicho kilivunjwa rasmi na majukumu yakagawanywa upya. Python nayo, baada ya mwanzilishi wake Guido van Rossum kujiuzulu uongozi Julai 2018, iliamua kuongozwa na baraza la watu 5 linalochaguliwa upya kila toleo kubwa linapotoka. Guido hakufukuzwa wala hakupotea. Aliketi katika baraza la kwanza, kisha akaendelea kuchangia msimbo bila cheo hicho.

Kuhusu pesa, Django ina jibu ambalo naliona ni bora kuliko kulipa wote au kutomlipa yeyote. Tangu 2014 taasisi yake humlipa mtu, na baadaye watu wawili, kwa kazi zile zisizo na sifa: kuchambua taarifa za hitilafu, kupitia michango ya wengine, kushughulikia masuala ya usalama, kuandaa matoleo. Kutengeneza vipengele vipya kunaachiwa jumuiya. Anayejitolea anabaki na kazi inayofundisha na kufurahisha, na ile inayochosha ina mwenyewe.

Hapa kwetu maana yake ni kwamba kufundisha, kutoa mada na kumlea kijana mmoja kubaki kazi za hiari. Kutunza hesabu, kufuatilia ukumbi, kuandika ripoti kwa wadhamini na kulipia leseni za kila mwaka kuwe na mtu anayelipwa, hata kwa siku mbili tu kwa mwezi. Jumuiya isajiliwe, iwe chini ya Sheria ya Vyama au Sheria ya NGO ya 2002, ili mchango uwe na akaunti yake. Na nauli irudishwe kwa yeyote aliyeitumia kwa kazi ya jumuiya. Hiyo haifanani na posho: posho humlipa mtu kwa kukaa, nauli humrudishia alichotoa mfukoni ili aweze kuhudumu. Tukilikataa hilo kwa kuogopa kufungua mlango wa bahasha, tumekubali kwamba uongozi ni wa waliokwisha kujiweza.

Na kama ile ya harusi, kamati ya jumuiya nayo iwe na muhula, tuseme mwaka mmoja, kisha ivunjwe. Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Waandaaji wazoefu wanasema muhula wa mwaka mmoja ni mfupi mno, kwa sababu mdhamini humzoea mtu, na mkutano wa bara kama ule wa Arusha unahitaji maandalizi ya muda mrefu kuliko huo. Wana hoja. Basi iwe miaka miwili, na katika miezi sita ya mwisho anayeondoka aandike barua zote kwa wadhamini pamoja na anayeingia, nywila zihamishwe, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama wote. Atakayetaka kuendelea mwaka wa tatu, apumzike kwanza.