Mgonjwa mnene: sindano ndefu au mahali pengine?

Wahudumu wengi wa afya wanashauri mgonjwa mwenye unene uliokithiri achomwe kwa sindano ndefu zaidi, na hoja yao ina mashiko. Dawa ya msuli ikiishia kwenye mafuta chini ya ngozi hufyonzwa polepole, kwa kuwa mafuta yana damu kidogo kuliko msuli, na pengine huacha uvimbe mgumu unaouma. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ilishaonyesha hilo tangu miaka ya 1980: waliochomwa takoni walipata kinga hafifu kuliko waliochomwa begani. Ndiyo maana kwa chanjo za begani, mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unataka sindano ya milimita 38 kwa mwanamke anayezidi kilo 90 na mwanamume anayezidi kilo 118.

Shida ni kwamba mizani haisemi mafuta yamekaa wapi. Kuna mwenye kilo 100 zilizojaa tumboni, mikono yake ya kawaida tu. Mwingine zimemkaa mikononi na matakoni. Sindano ndefu inaweza kugonga mfupa kwa yule wa kwanza, na takoni hata hiyo ndefu huenda isifike msulini kwa huyu wa pili. Tena takoni ndiko unakopita mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, ambao ukichomwa mtu anaweza kubaki na ganzi au kuchechemea.

Kwa hiyo wapo wanaosema: badala ya kurefusha sindano, hamia pembeni mwa nyonga, ambako mafuta kwa kawaida ni membamba. Muuguzi huweka kiganja juu ya mfupa unaojitokeza ubavuni mwa paja, kidole cha shahada kikielekea ncha ya mbele ya nyonga, cha kati kikitanuliwa kurudi nyuma. Sindano huingia katikati ya vidole hivyo viwili. Kwa mtu mnene sana mifupa hiyo ni vigumu kuipapasa, na hapo wapinzani wako sahihi kabisa. Lakini ukimwomba azungushe mguu taratibu, mara nyingi utausikia mfupa wa paja ukicheza chini ya kiganja. Kisha nyoosha ngozi, usiifinye, maana kuifinya ni kuongeza mafuta ya kupenya.

Insulini ni habari nyingine, maana hiyo huchomwa kwenye mafuta chini ya ngozi, si msulini. Ngozi ya mtu mzima ina unene wa kama milimita 2, awe mnene au mwembamba, hivyo sindano ya milimita 4 inamtosha yeyote. Ndefu zaidi inaweza kuingia msulini na kushusha sukari ghafla.

Mimi naegemea kuchagua mahali kwanza, urefu baadaye, na vyote viwili viandikwe kwenye faili. Sindano ya dawa inayokusudiwa kufanya kazi mwilini kwa muda mrefu isipofanya kazi, daktari huelekea kuongeza dozi. Faili likionyesha kwamba ilichomwa takoni kwa sindano fupi, atakuwa na jambo la kuchunguza kabla ya kumbebesha mgonjwa dawa zaidi.