Homa ya mtoto mkubwa haingoji asubuhi

Kilichotuzindua ni kombe. Mwalimu wa chuoni alikuwa ameshaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akazisuuza kwa maji, akampa mtoto wa kaka yangu anywe. Kijana wa miaka 16, karudi juzi tu kutoka dahalia kuja kula likizo kwetu Wete, Pemba. Akashindwa kuinamisha kichwa. Shingo imekaza kama gogo. Ukimtia mkono kisogoni umwinue, mgongo wote unakuja. Mama yangu, aliyetaka mwalimu aitwe, ndiye aliyesema, "Hili si la kusomewa peke yake. Tafuteni gari."

Ilikuwa alfajiri. Maumivu yalimwanza jana yake alasiri, alipotoka kuchuma karafuu. Kichwa, alisema, na mwili. Nani angeshtuka? Aliyeshinda juu ya mkarafuu mwili lazima umuume. Tukampa panadoli. Baada ya Magharibi homa ikapanda, akatapika, tukasema malaria. Baadaye akalalamikia miguu, nikamshika nyayo, baridi tupu, na huku kifua kinawaka moto. Saa sita usiku akaanza kusema maneno yasiyofahamika, na taa ikiwashwa analia afunikwe macho. Hapo ndipo wakubwa wakakubaliana kwamba kuna kitu kimempitia huko mikarafuuni.

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Amepona, alhamdulillahi, lakini masikio yake yote mawili hayasikii tena. Nayaandika haya kwa idhini yake na ya baba yake.

Naamini Qur'ani ni shifaa, na sitamwambia mzazi yeyote aache kumsomea mwanawe. Sisi tulisoma njia nzima, kutoka mlangoni kwetu mpaka hospitali, na hakuna aliyetuzuia. Ninalolisema ni kwamba kisomo kilikuwa na nafasi ndani ya gari tangu saa sita ya usiku. Kijana mwenye homa akianza kuweweseka, au kulala usingizi usioamshika, huyo ni wa hospitali saa ile ile. Ukimngoja mtu aje na ubani, unamnyima dawa kwa saa ambazo hazirudi.

Maana ugonjwa huu unakwenda kwa saa. Ule utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo unavimba kwa kuingiliwa na vijidudu. Vikiwa virusi, wengi hupona bila madhara makubwa. Vikiwa bakteria, Shirika la Afya Duniani linasema takriban mgonjwa mmoja kati ya 6 hufariki, na mmoja kati ya 5 hubaki na athari nzito, uziwi ukiwa mmojawapo. Aina inayowaandama sana vijana huitwa meningokoka. Nayo ikiingia kwenye damu inaweza kumwangusha mtu aliyeamka mzima kabla jua halijatua.

Mzazi wa mtoto mchanga ana hadhari. Homa kidogo, anakimbia kliniki. Kwa kijana wa miaka 16 tunalegea, kwa sababu keshakuwa mkubwa, atasema mwenyewe. Lakini meningokoka hukaa kooni na puani mwa watu wazima wa afya bila kuwaumiza, na barobaro ndio wanaoongoza kwa kuibeba. Huambukiza kwa mate na makohozi, kwa watu wanaokaa na kulala karibu karibu muda mrefu. Si ugonjwa wa kupishana njiani. Fikiria basi chumba cha dahalia, vitanda vya juu na chini, madirisha yamefungwa kwa mbu.

Na wengi tunadhani tulishamaliza chanjo. Zile sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni muhimu, na zinakinga aina nyengine mbili za bakteria wanaoleta homa hii hii. Meningokoka haimo. Kwetu chanjo yake tunaijua kwa jina la sindano ya Hijja. Saudi Arabia haimpokei haji asiyechanjwa, tena iwe imetimia angalau siku 10 kabla ya kufika, kwa sababu ugonjwa ulishawahi kulipuka miongoni mwa mahujaji, mwaka 1987 na tena mwaka 2000. Uingereza wanawachanja vijana skulini kinga ya makundi manne ya meningokoka, A, C, W na Y, tangu mwaka 2015. Babu yake kijana wetu alichanjwa alipokwenda Makka kwa wiki chache. Mjukuu, anayelala bwenini miezi tisa kwa mwaka, hakuchanjwa, na hakuna kati yetu aliyewaza kuuliza. Kamati za wazazi za skuli zenye dahalia zilipeleke suala hili Wizara ya Afya. Hata chanjo hiyo haizuii kila aina, kwa hiyo dalili lazima tuzijue.

Shingo kukaza ndiyo inayojulikana, na mara nyingi huchelewa. Kabla yake huja kichwa kisichosikia panadoli, kutapika, maumivu ya miguu, mikono na nyayo baridi, kuchukia mwanga. Vikitoka vipele au madoa kama ya damu, bonyeza kwa bilauri ya kioo. Yasipofifia, ondoka hapo hapo. Kwenye ngozi zetu nyeusi yaangalie viganjani, nyayoni, ndani ya kope na juu ya kaakaa. Yasipokuwepo, usitulie kwa hilo.

Kuhusu malaria, visiwa vyetu vimeipunguza mpaka maambukizi yako chini ya asilimia 1, lakini vichwani mwetu kila homa bado ni malaria. Apimwe, ndiyo. Kipimo kikisema hana na hali inazidi, usirudi nyumbani na vidonge vya duka la dawa.

Hospitali walitaka kumtoa maji ya mgongo. Kaka yangu akakataa, kasikia watu hupooza. Daktari hakumgombeza. Alichukua karatasi akamchorea: uti wenyewe unaishia karibu na juu ya kiuno, sindano inaingia chini yake, penye maji na nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoelea. Akasaini. Wakati huo sindano za dawa zilikuwa zimeshaanza, hazikungoja majibu. Kisha tukaulizwa alilala na nani dahalia, maana walio karibu naye nao hupewa dawa ya kinga. Tukaipigia simu skuli tukiwa bado ukumbini.

Mdogo wa kijana wetu anaingia dahalia mwezi ujao. Kaka yake ndiye aliyemwandikia karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake, kwa mwandiko mkubwa: "Kichwa kikikuuma kama ambavyo hakijawahi, usilale nacho. Mwamshe mwenzako, amwamshe mwalimu, apigiwe simu baba. Hata iwe saa nane ya usiku."